Bathdei ya Miaka 16 na Mchango wa Pedi: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Tangu binti yangu atimize miaka 16 na tukafanya ile shughuli yetu hapa Kisauni, Mombasa, simu hainipi raha. Huyu anauliza pesa tulichanga vipi, yule anauliza shule tuliipata vipi, mwengine hana haja na hayo, yeye anataka kujua pilau ilikuwa kilo ngapi. Nimejibu mpaka vidole vimeuma, sasa naandika yote pahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii. Mimi si mtaalamu wa lolote, ni mama wa watoto watatu nauza madera na leso, lakini makosa niliyofanya yanatosha kukufaa wewe usiyarudie.

Kwani ilikuwa bathdei ama harambee?

Vyote viwili, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Binti alikuwa anataka ile wanaita suiti siksitini, ameiona kwa simu, keki ya ghorofa tatu, gauni la kuburura, maputo, mpiga picha. Babake akamwambia haya, niandikie bajeti. Akaandika, ikapita elfu themanini, akaisoma mwenyewe akanyamaza. Siku mbili baadaye akaja na lake, ati badala ya watu kumletea saa na manukato (tuseme ukweli, yanalala kabatini), kila anayekuja achangie pedi za wasichana wa ile shule ya msingi aliyosoma yeye, kwa sababu anakumbuka wenzake wa darasa la saba waliokuwa wakikosa shule siku tatu nne kila mwezi, darasa zima linajua kwa nini na hakuna anayesema. Mimi nilidhani ni maneno tu yatapita. Hayakupita, alikuwa ananiamsha nayo.

Basi kukawa na mifuko miwili. Sherehe tulilipa sisi wazazi, ndogo, ya nyumbani. Mchango ukawa wa shule, hakuna hata shilingi ya huko iliyoingia kwenye sufuria. Hili la mifuko miwili nitalirudia mpaka mnichoke.

Pedi si serikali inatoa bure?

Kisheria ndiyo. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa, ikasema kila msichana aliyebaleghe kwenye shule ya umma apewe pedi bure, za kutosha na zenye ubora. Na kabla ya hapo, 2004, Kenya ilishaondoa kodi ya VAT kwenye pedi. Kwa karatasi tuko mbele sana. Lakini shehena ikichelewa ama ikija nusu, sheria haimsaidii mtoto wa Jumatano hii, na mwalimu anaishia kutoa mfukoni mwake.

Sasa hapa naomba ukae uskize, maana ndipo tungeharibu. Sisi tulitaka kukimbilia dukani siku ile ile. Wifi yangu, yaani shangazi yake binti, akatuuliza, nyinyi mmewauliza wenyewe? Tukaona haya. Tukapanda tuktuk mpaka shule, tukamtafuta mwalimu anayesimamia mambo ya wasichana, mama mtu mzima, mpole, hana haraka. Akatuskiza mpaka mwisho halafu akasema, pedi nitazipokea na nashukuru, lakini shida yangu ya kwanza si pedi. Shida yangu ni kuwa nampa msichana pedi na hana chupi ya kuibandikia.

Wallahi nilishtuka. Mimi nimezaa mara tatu na hilo halijawahi kunipitia kichwani. Akaendelea, vyoo vya wasichana milango mitatu haina komeo, mmoja anaingia mwengine anamshikia mlango, na ndani hakuna ndoo ya taka, sasa ile iliyotumika unaiweka wapi? Wengine wanaikunja kwa karatasi ya daftari wanatembea nayo kwenye begi la vitabu kutwa nzima mpaka nyumbani. Kwa hali hiyo hata mimi ningejilalia kitandani nikasema naumwa na tumbo.

Orodha yetu ikabadilika pale pale juu ya meza yake, na binti ndiye aliyekuwa anaandika.

Mbona msinunue zile za kufua? Zinadumu.

Zinadumu kweli, mwaka na zaidi ukizitunza, na kwa hesabu ni nafuu. Lakini zinataka maji, sabuni na jua. Maji ya Kisauni unayajua, ya mfereji yanakuja yakipenda, ya kisima ni chumvi tupu sabuni haitoi povu, ya mkokoteni unanunua kwa mtungi wa lita 20 na familia inaangalia kupika kwanza. Halafu uanike wapi, chumba kimoja, kaka zako mle ndani, uani wapangaji wanapita? Mtoto ataificha chini ya godoro, haitakauka, atavaa mbichi, apate maradhi. Kama shule unayosaidia ina bweni na tangi la maji hiyo ni hadithi nyengine. Hapa kwetu mwalimu alisema hapana, na sisi hatukwenda kubishana naye.

Pesa mlichangisha vipi?

M-Pesa, kitu gani tena. Ila laini yake peke yake. Mume wangu alitaka zitumwe kwa namba yake nikakataa, na si kwamba simwamini. Simu ya mtu inaingia mshahara, inalipa stima, inamkopesha shemeji, baada ya wiki mbili hujui tena ipi ya nani. Tukanunua laini mpya ikasajiliwa kwa kitambulisho cha wifi (binti bado hana, mpaka afike 18), wifi anashika simu, mimi nashika daftari, na kila baada ya Isha yeye anasoma meseji mimi naandika jina na kiasi. Mara mbili tulitofautiana na mara zote mbili mwenye makosa alikuwa mimi.

Kwenye mualiko tuliandika hivi tu: "Zawadi yake mpitishie hapa. Ukiwa huna, njoo tule." Hilo la mwisho lilikuwa la binti, na lilisaidia kuliko matangazo yote, kwa sababu kuna jirani ukimwambia changa na hana, hatakuja kabisa, atajificha ndani na umempoteza jirani kwa sababu ya mia mbili.

Kutuma mpaka shilingi mia hakukatwi ada, so wanafunzi wenzake tuliwaambia hata ishirini karibuni. Walituma ishirini kweli! Meseji zilikuwa zinaingia kama mvua ya masika, ishirini, thelathini, hamsini. Aliyetoa nyingi kabisa ni mjomba wake alioko Doha, elfu tano. Na binti na marafiki zake waliuza viazi karai na achari ya maembe mlangoni Jumamosi nne mfululizo, wakatoa gharama za viazi na unga na mafuta, wakabaki na 6,200. Mafuta ndiyo mwizi wa faida, msiseme sikuwaambia.

Jumla kuu ilikuwa 51,850.

Tupe hesabu, zilikwenda wapi?

Haya, twende polepole. Wasichana walikuwa 62, kuanzia darasa la sita mpaka la tisa, maana siku hizi tangu 2023 sekondari ya chini iko ndani ya shule za msingi kwa hivyo wakubwa wako pale pale. Kila mmoja pakiti 6 za pedi, yaani mbili kwa mwezi kwa muhula mmoja, bei ya jumla pakiti ya nane nane ilikuwa 55, hiyo 330. Chupi tatu kwa 60 kila moja, 180. Kipande cha sabuni 40. Kwa hivyo 550 kila msichana, mara 62 ni 34,100. Komeo za milango mitatu, ndoo nne za kukanyaga zenye vifuniko, pamoja na fundi, 9,400. Tuktuk 700. Hapo tumetumia 44,200, imebaki 7,650.

Ile iliyobaki kila mtu alikuwa na wazo lake, mmoja akasema tumnunulie binti japo kiatu, masikini amehangaika. Binti akakataa kabla sijafungua mdomo. Tukanunua pakiti 139 nyengine zikakaa kabati ya mwalimu za dharura.

Ukipiga hesabu utaona imebaki shilingi 5. Ndiyo, kuna mzee mmoja hapa mtaani alikuja kuniuliza shilingi 5 iko wapi, na nikamuonyesha, iko kwenye laini mpaka leo. Nilimpenda mno yule mzee, watu kama yeye wawili kila mtaa wangetosha.

Kitu kimoja cha akili, dukani tulilipa kwa tili, ile namba ya M-Pesa ya duka, hukatwi wewe mnunuzi. Ukitoa pesa kwa ejenti kisha ukaenda kulipa keshi unapoteza ada na unapoteza ushahidi pia, meseji ya tili ni risiti ambayo haififii.

Mlitoa taarifa kwa waliochanga?

Tulipiga picha kurasa tatu za daftari, majina tukayaziba tukaacha kiasi, tukawatumia wote pamoja na risiti. Kwa nini kuziba? Kwa sababu aliyetoa ishirini na aliyetoa elfu tano watakutana msikitini.

Lazima niwe na kibali?

Ukichanga na ndugu, majirani, wenzako wa kazini na wa chuo, watu unaowajua na wanaokujua, hii ni harambee ya nyumbani kama ya matanga ama ya harusi. Lakini ukianza kuzunguka na kikopo barabarani, ukasimama feri pale Likoni kusanya kusanya, ama kuweka ndoo sokoni Kongowea, hapo umeingia kwa umma na Kenya kuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka leseni. Anza kwa chifu wako. Na watoto kuwatuma kwenye mataa na makopo, hata ukiwa na leseni ya dhahabu, mimi sikubaliani nayo.

Shule nayo ina taratibu zake, usitokee tu na gunia getini. Mwalimu mkuu ajue, na uandike barua ya mistari mitano.

Tumualike mheshimiwa aje kutupa nguvu?

Nguvu ya nini? Ataleta watu wake, atachukua maikrofoni, bathdei itakuwa yake. Halafu Julai 2024 Rais Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, kwa hivyo una sababu nzuri ya kumuepuka bila kumvunjia heshima.

Sisi kwetu hatusherehekei bathdei. Hii inatuhusu?

Inakuhusu sana, hata kwetu nusu hawasherehekei. Mama mkwe wangu alisikia neno keki akavuta ushungi akasema mimi simo. Sikubishana naye, nilimkalisha nikamueleza habari ya chupi na milango ya choo. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, hii si bathdei, hii ni kazi ya somo.

Kwa wasiojua, zamani huku kwetu msichana akivunja ungo anakabidhiwa somo wake, mwanamke mwenye akili zake, anamfunza usafi na mwili wake na kujisitiri, mambo ambayo mamake mzazi anaona haya kumwambia. Siku hizi masomo wamebaki kwenye harusi tu, mtoto anafunzwa na simu. Mama mkwe akasema kama mnakwenda shule nitakwenda na mimi. Akaenda! Mwalimu akawatoa wavulana nje, bibi akakaa kwenye kiti kidogo cha darasani, hana maikrofoni hana karatasi, akazungumza na wale wasichana karibu saa nzima, tulisikia vicheko mpaka nje. Alichosema sijui, alinikataza kuingia.

So ukiwa hutaki bathdei, fanya siku mtoto amehitimu Qur'ani, ama amemaliza fomu foo, ama kipaimara kwa ndugu zetu wa kanisani, ama amefika 18 na ameshika kitambulisho chake mkononi. Sisi tulianza na dua baada ya Alasiri, chakula kikafuata, keki ilikuwa moja ya kilo mbili na ilikatwa kimya kimya jikoni kwa heshima ya bibi. (Bibi alikula vipande viwili.)

Naweza kutoa zaka yangu hapo?

Hili kamuulize shehe wako, mimi nauza madera. Ninachojua ni kuwa zaka ina watu wake wanane waliotajwa kwenye Surat Tawba aya ya 60, na kwenye shule kuna mtoto wa masikini na kuna mtoto wa mwenye duka, huwezi kujua pakiti ipi imekwenda wapi. Aliyeniambia "hii ni zaka" nilimrudishia nikamwambia nitolee sadaka, zaka yako mpe unayemjua. Watu wawili walikasirika, mmoja bado.

Picha ziko wapi? Mbona hatujaona wasichana wakipokea?

Hamtaziona, hazipo. Hili limenitoa jasho kuliko lote, kwa sababu waliochanga wanataka kuona, na mimi nawaelewa, umetoa pesa yako unataka roho itulie. Lakini fikiria ni wewe, una miaka kumi na tatu, umepangwa foleni umeshika pakiti ya pedi na chupi tatu, mtu anakwambia cheka, na kesho ile picha iko kwenye simu ya kila mvulana mtaani. Miaka mitano ijayo bado ipo. Umempa pedi umemvua nguo.

Na sheria pia ipo, ile ya ulinzi wa data ya 2019, habari za mtoto hazichezewi bila ruhusa ya mzazi ama mlezi wake. Wewe una ruhusa za wazazi 62? Mimi sikuwa nazo.

Tulichopiga ni magunia, komeo mpya, zile ndoo, risiti, na mkono wa fundi ukikaza skrubu. Mtu mmoja akaniambia picha ya ndoo ya taka haitii hamu. Sawa, haitii.

Siku ya kupeleka kila kitu kilikwenda sawa?

Hata! Makosa mawili. La kwanza chupi, tulinunua saizi zote za watoto wadogo kwa sababu nilikadiria kwa macho. Mwalimu alifungua gunia akacheka, akasema mamangu, wengine hapa wananizidi mimi kwa mwili. Mwenye duka alikuwa mtu mzuri akatubadilishia, ila ikawa siku mbili zimepotea na nauli ya kurudi dukani nikatoa mfukoni mwangu, ndiyo maana haimo kwenye ile 700. Waulize saizi kwanza, mwalimu awape karatasi kila mmoja aandike namba bila jina.

La pili lilikuwa baya zaidi. Tulifika na katoni za pedi wazi wazi, zimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, saa nne, brekitaimu, uwanja umejaa. Wavulana wakaanza kupiga mbinja. Wasichana wakatoweka, uwanja mzima ulibaki wa wavulana tu, binti yangu akasimama katikati na katoni kichwani machozi yanamlenga. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe kitu kilikuwa rahisi, tia kwenye magunia ya kawaida kama ya mchele, fika asubuhi kabla ya gwaride ama saa za masomo, peleka moja kwa moja ofisini, mwalimu atagawa kwa wakati wake kidogo kidogo. Kugawa si kazi yako. Wewe kazi yako imekwisha ukishafika mlango wa ofisi.

Mwalimu wa wavulana baadaye akawakalisha wale wapiga mbinja akawaeleza hedhi ni nini, na nimeambiwa walikuwa na maswali mengi kuliko wasichana. Mmoja aliuliza, na sisi hatupati sabuni? Alikuwa na haki yake. Tulisahau kabisa.

Si bora ningepeleka keki na zawadi kwenye nyumba ya watoto yatima?

Ukitaka peleka, lakini piga simu kwanza uulize wanahitaji nini na lini. Desemba na Ramadhani nyumba hizi zinapokea wageni mpaka watoto wanachoka kuimba nyimbo za karibu wageni, halafu Februari kimya, unga umeisha. Mtoto wako ana keki ya jina lake, anaikata mbele ya watoto thelathini ambao baadhi yao hawajui hata siku waliyozaliwa, mimi naona kuna kitu kinachoma hapo, labda ni mimi tu.

Tena Kenya ina mkakati wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia zao ama kwa walezi. Kwa hivyo kama una bibi jirani yako analea wajukuu wanne peke yake, mlipie kodi ya mwezi ama mnunulie jiko la gesi. Huyo ndiye anayewafanya wasifike huko.

Hatuna pesa kabisa lakini mtoto anataka kufanya kitu.

Mshukuru Mungu kwa mtoto huyo. Mambo ni mengi. Damu kwa mfano, Kenya unaweza kutoa kuanzia miaka 16 ukiwa mzima na umefika kilo 50, kituo chetu kiko pale hospitali kuu ya Pwani, Makadara. Binti yangu alikwenda akapimwa, kilo 47, akarudi amenuna anakula chapati kwa hasira. Babake alitoa badala yake. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Ama wakasafishe ufuo. Ama wakamsomeshe hesabu mtoto wa jirani wa darasa la nne kila Jumapili mpaka mitihani, hiyo haina picha wala katoni lakini nakuhakikishia ni kazi ngumu kuliko kuchanga elfu hamsini.

Na maputo ya kurusha juu tafadhali yaacheni, yanaishia baharini, kasa wanayala.

Pilau ilikuwa kilo ngapi?

Haya mliokuwa mnasubiri hapa. Mchele kilo 12, nyama kilo 6, watu themanini na kidogo, wakala wakabakisha. Biriani tuliiacha kwa sababu ya gharama. Kachumbari, ndizi mbivu, juisi ya ukwaju kwenye madebe mawili, kaimati za jirani alizoleta bila kuombwa. Viti tulikodi, turubai tulipewa na msikiti. Nyumbani, uani, chini ya mwarobaini. Usifanye Aprili wala Mei kama huna turubai, masika hayana adabu.

Matapeli je?

Walikuja, tena mapema. Mtu anakutumia meseji inayofanana na ya M-Pesa halafu anapiga analia nimekosea namba nirudishie elfu tatu, nauli ya mgonjwa. Angalia salio, usiangalie meseji. Na kama kweli ametuma kwa makosa mwambie atume ile meseji yake kwa 456 ya Safaricom, huko ndiko kunakorudishwa, wewe usirudishe kwa mkono. Mwengine alichukua picha ya binti yangu na mualiko wetu akabadilisha namba ya simu, tulijua kwa sababu shangazi wa Likoni aliuliza mbona jina linalotokea si la wifi. Kwa hivyo kwenye mualiko andika na jina litakalotokea, na mwambie kila mtu asibonyeze kama jina si hilo.

Mwanangu ni mvulana, hii si ni mambo ya wasichana?

Mpwa wangu ana 17, ndiye aliyefunga komeo mbili kati ya tatu, fundi alimuachia. Tena wavulana wana shida zao, viatu vya shule kwa mfano. Ama basi ile sabuni tuliyosahau, nakuachia wewe hiyo.

Tuambie ukweli, binti ndiye aliyetaka ama ni wewe uliyemsukuma?

Wazo lake, mbio zangu, kelele zangu pia. Kuna siku mbili tatu alichoka, Jumamosi ya tatu ya viazi karai aliungua mkono na mafuta akasema kwani lazima? Nikamwambia si lazima, tukikoma leo tutapeleka tulichonacho. Akalala, akaamka, akamenya viazi. Kama angekoma ningemuacha akome, na naomba wazazi wenzangu mnielewe hapo, bathdei ya mtoto isigeuke adhabu kwa ajili ya sifa za mama.

Na zawadi alipata, mkimuona msimuonee huruma. Bibi yake alimpa leso pea moja mpya, mimi niliuza nyengine zote za aina ile isipokuwa hiyo.

Bado naweza kuchangia?

Hapana, tulifunga. Laini iko kwenye droo na shilingi 5 yake. Muhula ujao mwalimu akisema kabati imekuwa tupu nitatangaza, asiposema sitatangaza. Kama pesa zinakuwasha mkononi saa hii, shule ziko kila mtaa, Mtopanga, Mtongwe, Changamwe, nenda muulize mwalimu wa wasichana, na uangalie na mlango wa choo ukiwa hapo hapo.